Jengo la Kuhifadhi

Lori la halmashauri lilipoanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlango wa Nyumba ya Simu, Katibu alikuwa ameinamia saa ya mkononi aliyoifungua tumbo, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. Kazi yake hasa ilikuwa ufundi saa. Ukatibu ulikuwa wa kamati ya kuhifadhi majengo ya kale ya mji ule mdogo, nao alitwishwa kwa sababu mwandiko wake ulisomeka, na kwa sababu siku ya uchaguzi alichelewa kufika, hivyo hakuwapo kukataa. Kibanda chake kilitazamana na Nyumba ya Simu, barabara ikipita katikati. Aliinua kichwa, akaona mifuko ya saruji juu ya lori, moyo ukamruka. Kwa miaka mitatu alikuwa amezungushwa ofisi hii na ile, leo akiambiwa arudi kesho, kesho akiambiwa mwenye faili amehamishwa, mpaka halmashauri ikaridhia kwamba nyumba ile isivunjwe. Sasa, alijiambia, wameleta saruji ya kuzibia nyufa.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya saruji yalishushwa matairi yaliyokwisha meno. Baada ya matairi yalishushwa madawati ya miguu mitatu, kisha mapipa, kisha makopo ya rangi iliyoganda, kisha taa za barabarani ambazo hazikuwahi kuwaka hata zilipokuwa juu ya nguzo zake. Na vyote hivyo wapakuzi walikuwa wakivipokezana na kuvisukumiza ndani.

Katibu alivuka barabara bila kukumbuka kuvua kioo, hata mwendesha baiskeli aliyempita akaonekana kwake mkubwa kama ng'ombe. Mlangoni alisimama mtunza stoo wa halmashauri, mtu wa kitambi cha heshima, ambaye mji mzima ulimwita Kufuli. Jina hilo lilitokana na shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, lakini aliyewahi kumwomba hata msumari mmoja alijua kwamba lilikuwa na sababu nyingine pia.

Katibu alimuuliza vitu hivyo vinakwenda wapi. Kufuli akajibu kwamba havikuwa vinakwenda, vilikuwa vimefika. Kisha akaelekeza kidole juu ya mlango, kwenye bango jipya la bati ambalo Katibu mwenyewe alilishikia ngazi lilipokuwa likipigiliwa. Liliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: JENGO LA KUHIFADHI. MALI YA HALMASHAURI.

"Kusoma unajua," alisema Kufuli. "Jengo la kuhifadhi. Nami nahifadhi."

"Nguo za kufua ni nguo zinazofuliwa," alisema Katibu, akijikaza asipandishe sauti. "Vyombo vya kuosha ni vyombo vinavyooshwa. Na jengo la kuhifadhi ni jengo linalohifadhiwa."

Kufuli alilitafakari jambo hilo kwa uangalifu wa mtu asiyelipwa kwa kuharakisha.

"Na chumba cha kulala, Katibu, hulala chenyewe?"

Mpakuzi mmoja, aliyekuwa na dawati kichwani, aliuliza kama mashine ya kufua nayo hufuliwa. Wenzake wakaangua kicheko. Kilichomchoma Katibu zaidi si kicheko. Kilichomchoma ni kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe, na kwamba alilifanya akiwa na akili zake timamu.

Rasimu yake ya kwanza ya azimio la kuilinda nyumba ilikuwa imeandikwa "jengo la kuhifadhiwa". Ilipofika katika kikao, mkurugenzi wa mji alinyanyua kalamu, akauliza: kuhifadhiwa na nani? Aliyeonekana kuwa karibu na kusema alikohoa tu. Kila mjumbe akaanza kuvitazama viatu vyake, kwa maana kila mmoja alijua kwamba atakayetajwa baada ya "na" ndiye atakayeombwa bati, mbao na chokaa mpaka siku atakapostaafu. Pendekezo likatolewa kwamba suala hilo liahirishwe. Katibu, ambaye neno "kuahirisha" lilikuwa limekwisha kumtia vidonda vya tumbo, alisimama haraka na kushauri kwamba silabi ile ya mwisho iondolewe. Pasipo "wa" hakuna anayeulizwa "na nani". Wajumbe walimpigia makofi, azimio likapita, na yeye akaenda nyumbani akijiona mwanadiplomasia.

Sasa matokeo ya diplomasia yake yalikuwa yakiingizwa mlangoni na watu wanne wenye jasho.

Hayo yote angeweza kuyavumilia, kwa kuwa kuvumilia halmashauri kulikwisha kuwa sehemu ya afya yake. Lakini mle ndani mlikuwa na ubao.

Nyumba ya Simu haikuwa jumba. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye kuta nene, dari ya mbao, sakafu iliyolia kila ilipokanyagwa, na baraza pana upande wa barabara. Zamani hakuna aliyeweza kumpigia mtu simu katika mji ule bila sauti yake kupita mle. Ukinyanyua simu yako ulikuta opereta anakuuliza unamtaka nani. Ukimtaja, opereta alichomoa waya kwenye tundu moja la ubao na kuuchomeka katika tundu jingine, nawe ukaunganishwa. Huduma hiyo ilikwisha kufa, lakini watu walikuwa wakielekezana njia kwa nyumba ile: ukifika Nyumba ya Simu, kata kushoto. Opereta wa mwisho, aliyeingia humo akiwa msichana na kutoka akiwa na wajukuu, alikuwa mama mzazi wa mke wa Katibu. Watu walimwita Mama Simu.

Mitambo mipya ilipoletwa, ubao wa kuunganishia simu uliamriwa utupwe. Mama Simu hakuandika barua wala hakulalamika. Alikodi mkokoteni, akauchukua, akauweka sebuleni kwake chini ya kitambaa, na tangu siku hiyo hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuwekea hata glasi ya maji juu yake. Katibu alimbembeleza mwaka mzima ili ubao urudi mahali pake. Mama Simu alipokubali, alikubali kwa sentensi moja ambayo mkwewe aliijua kwa moyo: "Nakupa kwa sababu hujawahi kunidanganya."

Katibu aliruka tairi, akajipenyeza kati ya mapipa, akachungulia. Ubao ulikuwa pale pale ukutani, lakini mbele yake mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa hadi kifuani, na ubavuni mwake palikuwa na alama kubwa ya msalaba iliyochorwa kwa chaki nyeupe. Kona ya juu ilikuwa imepasuka. Dawati lililofanya uharibifu huo lilikuwa bado limeiegemea, miguu juu.

Aliuliza msalaba ule una maana gani. Kufuli alimweleza kwa upole kwamba vitu vyote chakavu huwekewa msalaba, na kwamba Jumamosi mnunuzi wa vyuma atakuja kuvizoa. Kikabati kile, aliongeza, kilikuwa na shaba nyingi ndani, na mnunuzi alikwisha kukifurahia.

"Hicho si kikabati," alisema Katibu. "Kina mwenyewe."

"Alikihifadhi kwa hati gani?"

Hati haikuwapo. Na kwa kuwa haikuwapo hati ya kuingia, haikuweza kuwapo hati ya kutoka, isipokuwa kwa saini na muhuri wa mkurugenzi. Katibu alikwenda kumtafuta mkurugenzi. Akaambiwa amesafiri kwenda semina, na alipouliza semina ya nini, msichana wa mapokezi akasoma kwenye ukuta kwamba ilihusu uhifadhi wa urithi wa miji midogo. Naibu wa mkurugenzi alisema hawezi kugusa jambo la bosi. Mwanasheria wa halmashauri alimsikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba hoja ya "wa" ilikuwa na mashiko, kisha akasema kwamba azimio lililopitishwa bila "wa" haliwezi kutiwa "wa" na mtu mmoja. Ni lazima kikao kiketi. Kikao kingeketi baada ya bajeti. Bajeti ilikuwa bado haijaanza. Katibu alirudi kwa Kufuli, akajishusha, akaahidi kumtengenezea saa yake bure maisha yake yote. Kufuli alimwonyesha kifundo cha mkono. Saa yake ilikuwa imesimama tangu mwaka jana, naye hakuwahi kuihitaji, kwa sababu stoo haina haraka.

Jioni hiyo Mama Simu alikuja kula nao, kama ilivyokuwa ada yake, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ua wa pili. Alinawa, akaketi, akauliza ubao wake unaendeleaje. Katibu alikuwa na tonge mkononi. Angeweza kusema kweli. Alikuwa hata amefungua kinywa kwa ajili hiyo. Alichosikia kikitoka ni kwamba ubao unapigwa vanishi.

Mama Simu alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema kwamba ni jambo la busara. Mke wa Katibu, ambaye alikuwa muuguzi na alipita Nyumba ya Simu kila siku akitoka zahanati, aliweka kijiko chini polepole.

"Vanishi gani hiyo, mume wangu?" alimuuliza walipobaki wawili. "Ya saruji?"

Katibu alimsihi ampe siku moja tu. Mkewe alimwambia kwamba siku moja si tatizo, tatizo ni mama yake, ambaye maisha yake yote alilipwa ili asikilize sauti za watu, na hakuna katika mji ule aliyewahi kumdanganya kwa simu, seuze ana kwa ana. Akazima taa. Katibu alilala macho, akilitunga na kulitungua ungamo lake, na kila alipofika kwenye neno "saruji" alianza upya.

Asubuhi hakupata nafasi ya kulitamka. Alikuwa ndiyo kwanza afungue kibanda, mteja mmoja akaja na saa ya ukutani kwapani, akamwambia kwa sauti ya mtu anayefurahia habari anazozileta kwamba mkwewe yumo stoo.

Alimkuta Kufuli mlangoni, shati limetoka nje ya suruali na vifungo viwili vimekatika. Kufuli alieleza, huku akihema, kwamba Mama alikuja vizuri, akasalimia vizuri, akaomba kuchungulia tu. Yeye akampisha, kwa maana aliamini hakuna pa kupita. Mama akajipenyeza ubavuubavu kati ya mapipa na ukuta, mahali ambapo hata paka angefikiri mara mbili, akazunguka mifuko ya saruji, akakaa. Kufuli alimfuata ili amtoe, kitambi kikakwama, na ilibidi wapakuzi wamvute kwa miguu. Sasa hajui la kufanya. Taratibu za stoo zinakataza kufungia mtu ndani, na zinakataza pia kuiacha stoo wazi, kwa hiyo tangu alfajiri hajanywa hata chai.

"Mama," Kufuli aliita mara nyingine, kwa sauti ya kuomba. "Shikamoo, Mama. Tafadhali toka."

Katibu akanyoosha shingo. Juu ya mifuko alikiona kitambaa cha kichwa cha Mama Simu, kimetulia kama picha.

"Shikamoo, Mama," alisema naye.

"Ni nani huyo anayenirushia shikamoo kama anayemrushia mbwa mfupa?" ilisema sauti nyuma ya saruji. "Shikamoo huletwa mpaka alipo mtu. Haitupwi."

Katibu aliitambua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikiwaambia watu wazito wa mji kwamba laini ina kazi, wasubiri. Hakuwa na la kufanya ila kuipeleka shikamoo. Alilikamata tairi la kwanza, akaliburuta kuelekea baraza. Kufuli akapanua mikono mlangoni, akasema tairi hilo halitoki bila hati.

"Halitoki," alisema Katibu. "Linasogea."

Kufuli aliinua macho kwenye paa la baraza, akaona kwamba lilikuwa paa lile lile la stoo. Kwa hiyo baraza nayo ilikuwa stoo. Kusogeza si kutoa. Akashusha mikono, na Katibu akasogeza matairi, akasogeza mapipa, akasogeza taa zote za barabarani, mpaka akafika penye mifuko ya saruji akiwa mweupe wa vumbi kuanzia kope hadi kwenye viatu.

Mama Simu alikuwa ameketi wima mbele ya ubao, mkoba mapajani, mgongo haugusi kitu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu, bila kugeuka.

Katibu alimwomba waende nyumbani, akapumzike, mambo yatazungumzwa. Mama Simu akasema kwamba zamu yake haijaisha. Kuhusu vanishi hakusema neno, na kule kutosema kukamkalia Katibu kifuani kama mfuko wa saruji.

Habari ilienea kama inavyoenea katika miji ambako simu si lazima. Akaja mshona viatu, ambaye zamani alimposa mkewe kwa simu kupitia ubao ule na mpaka leo alikuwa akidai kwamba opereta ndiye aliyemsahihishia maneno. Akaja mwalimu mkuu mstaafu na mkongojo wake. Wakaja wanawake wa sokoni, kisha wajukuu zao. Kila mmoja alisimama mlangoni, akaita shikamoo, akanyamaziwa. Kisha akaelewa, akaingia, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kupita bila kusogeza kitu, kila mmoja alisogeza kitu. Waliotaka kukaa walitoa madawati ili wapate pa kukalia barazani. Baraza ilipojaa, vitu vilimwagikia njia ya waendao kwa miguu. Njia hiyo ilipojaa, mapipa yakateremka barabarani. Kufuli alizunguka katikati yao akirudia kwamba paa limekwisha, jamani, paa limekwisha hapa, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu magari yalikuwa yamekwisha kuanza kupiga honi.

Kilichobaki ndani ni ukuta wa saruji. Huo Kufuli aliupanda na kuukalia mwenyewe, akatangaza kwamba mfuko wa saruji ni mali ya mradi na hausogezwi hata na mzimu. Basi watoto na wazee wakawa wanapitisha mikono juu ya mifuko, mmoja baada ya mwingine, kando ya magoti ya Kufuli, na Mama Simu akaipokea. Katibu alisimama pembeni, hana msaada kwa mtu, akitazama jinsi nyumba aliyoitetea kwa mihtasari, nakala na viambatanisho ilivyokuwa ikiokolewa kwa salamu.

Mchana mkurugenzi alifika. Alikuwa ametoka semina moja kwa moja, begi la semina bado liko begani, na alilazimika kuacha gari mbali na kuruka mapipa yake mwenyewe. Alikuwa kijana kiasi, suti imemkaa vizuri, na hasira ilikuwa imemkaa vizuri zaidi. Alisimama mlangoni, akasema shikamoo, kisha akaendelea papo hapo kuuliza ni nani mwenye dhamana ya fujo hii.

Watu wote waligeuka kumtazama. Mama Simu hakugeuka.

Mtu mmoja akamnong'oneza. Mkurugenzi akapumua kwa nguvu, akatembea mpaka kwenye saruji, akapitisha mkono wake juu ya mifuko.

"Shikamoo, Mama."

"Wazee na watoto nimewasamehe," alisema Mama Simu akiwa amempa kisogo. "Wewe una mabega."

Mkurugenzi alimwamuru Kufuli aondoe mifuko. Kufuli alishuka, akasimama wima, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba hawezi, mheshimiwa, pasipo hati yenye saini ya mkurugenzi. Mkurugenzi akasema kwamba mkurugenzi ni yeye. Kufuli akakubali kwamba hilo linajulikana, ila saini bila muhuri haifai, na muhuri uko ofisini, na mwenye ufunguo wa kabati la muhuri amekwenda kula. Mkurugenzi alikodoa macho. Ulikuwa utaratibu aliouandika mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini, na kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama upande wa pili wake. Katibu, aliyekwisha kukaa upande huo miaka mitatu, karibu amwonee huruma.

"Baba yako alikuwa mtu wa simu nyingi sana, mwanangu," alisema Mama Simu, kana kwamba anaongea na matundu ya ubao. "Hasa jioni."

Mshona viatu alianza kukagua dari. Mkurugenzi aliweka begi la semina chini, akavua koti, akalikunja, akampa Kufuli alishike. Kisha akakumbatia mfuko wa kwanza.

Katibu aliingia kumsaidia, na wapakuzi, waliokuwa wamekaa barazani juu ya madawati wakila karanga, wakaona haya wakafuata. Njia ilipofunguka, mkurugenzi alikwenda mbele ya Mama Simu, suruali imebadilika rangi, akainama, akatoa mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kule mlangoni pameandikwaje?"

"Jengo la kuhifadhi, Mama."

"Mimi macho yangu hayaoni vizuri. Nilidhani pameandikwa la kutupia."

Mkurugenzi alifuta uso, akaugeuza wote kuwa na michirizi, akasema mbele ya watu kwamba vitu vyote vitahamishwa kabla ya jua kuzama, kwamba mnunuzi wa vyuma hatagusa kitu cha mle, na kwamba bango litaongezwa herufi mbili, kikao kitake kisitake. Kisha akaondoka bila koti, na Kufuli akamkimbilia nalo, akimwomba alisainie kwamba amelipokea.

Walipobaki watatu, mke wa Katibu akiwa amefika na nguo zake za kazi, Mama Simu alitoa leso ndani ya mkoba, akaufuta ule msalaba wa chaki taratibu mpaka ukaisha. Baadaye akapandisha kidole hadi kwenye kona iliyopasuka. Akakiacha hapo.

Katibu alisema kwamba atakodi mkokoteni sasa hivi, ubao urudi sebuleni.

"Ukafanye nini?" alisema Mama Simu. "Kwangu umekaa chini ya kitambaa miaka yote ile, na hakuna aliyekuja kuusalimia. Leo nimepokea shikamoo mpaka bega linauma. Utakaa hapa."

Katibu alianza kushukuru.

"Sijamaliza. Kona itazibwa na fundi, si hoja. Wewe uliniambia unapigwa vanishi."

"Nilikudanganya, Mama," alisema Katibu, na baada ya kulitafuta ungamo lile usiku kucha, alishangaa kwamba lilikuwa fupi kiasi hicho.

"Naam. Nilisikia papo hapo, ulivyovuta pumzi kabla. Kwa hiyo ufunguo wa hapa hutaushika wewe."

Kufuli alikuwa amerudi. Alisikiliza kwa makini, kwa kuwa mambo ya funguo yalikuwa mambo yake, akapekuapekua lile shada, akachomoa ufunguo mmoja mrefu. Katibu alitaka kueleza kwamba kwa mujibu wa katiba ya kamati, ibara ambayo aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wake unaosomeka, ufunguo hukaa kwa katibu. Mkewe alimtazama jicho moja tu. Ibara ikarudi tumboni. Ufunguo ukaingia mkobani, na mkoba ukafungwa.

Walitoka, mlango ukafungwa, wakaanza kurudi nyumbani wakipenya kati ya matairi. Mama na binti walitangulia, wameshikana mikono, na Katibu akafuata nyuma akijipangusa saruji. Walikuwa wakizungumza juu ya jua la mchana linavyoingia kwa ukali madirishani, na jinsi litakavyouharibu ubao. Binti alisema kitambaa anacho, kilibaki kutoka kwenye makochi. Mama aliuliza rangi gani. Binti akajibu kwamba ni cha njano, chenye maua, na kikitiwa vishada chini kitapendeza.

"Nyumba ile haikuwahi kuwa na mapazia," alisema Katibu kutoka nyuma. "Jengo la kale halitundikwi mapazia ya maua. Kuna taratibu."

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wamekwisha kufika kwenye suala la vishada, kama viwe vifupi au virefu.